Esnah na Mkebe wa Mgongoni

Kabla sijakuambia kitu kingine chochote kuhusu Esnah Mokaya, nikupe onyo la bure: usiwahi kusimama nyuma yake akichomelea. Hiyo si maneno ya heshima, ni maneno ya ngozi yako.

Welda wa kawaida rodi yake ikiisha, ikibaki kale kapande kadogo kama kidole, anakaangusha chini anachukua ingine. Esnah hapana. Esnah anakarusha nyuma juu ya bega, bila kuangalia, kakiwa bado kekundu. Wiki yake ya kwanza ya kuchomelea hapa Roret alitoboa kiti cha pikipiki ya Calvince, bodaboda wetu. Baada ya hapo akanitembelea mimi. Nina kibanda cha kava za simu na kuchaji, tunagawana ukuta na karakana ya Kimutai, na kulikuwa na kava moja ya maua wasichana wote walikuwa wanaitaka. Kapande kakatua katikati ya ua.

"Dorine, pole," akaniambia. "Mkono umeenda peke yake."

"Uambie huo mkono ukija tena uanze na hodi."

Kimutai, mwenye karakana, ni mzee wa hapa hapa Bureti, mtu wa ng'ombe na vyuma, na hajawahi kuharakishwa na kitu. Aliangalia hiyo kurusha-rusha siku kadhaa, mikono imefungwa nyuma. Halafu akasema, "Huyu alikuwa anachuma majani."

Tukaelewa wote. Kama wewe hujakulia huku, ni hivi: mchuma chai anachuma na mikono yote miwili, na mkono ukijaa anarusha majani nyuma ya bega, ndani ya kikapu chenye amebeba mgongoni. Haangalii. Ukiangalia unaachwa na wenzako. Ukifanya hivyo miaka, mkono unajua kikapu kiko wapi kuliko unavyojua mdomo. Esnah alichuma kutoka amalize shule mpaka mashine za kuchuma zikaletwa. Kikapu kikatoka mgongoni, lakini mkono haukuambiwa.

Kimutai hakumgombeza. Alitafuta mkebe wa rangi uliokwisha, akaweka mchanga kidogo ndani, akautundika kwa msumari nyuma ya pahali Esnah husimama, usawa wa bega. Kutoka hiyo siku, rodi ikiisha unasikia tu: ting. Hajawahi kukosa. Watu walikuwa wanaacha kununua mboga wanakuja kuangalia. Mimi nilirekodi nikaweka kwa status, nikaandika "Timu ya basketi ya Roret, mchezaji ni mmoja," na watu waliitazama kuliko harusi ya binamu yangu. Binamu bado amenuna.

Lakini kwa Esnah mkebe ulikuwa kitu kidogo. Kitu kikubwa kilikuwa nyumba.

Esnah alizaliwa kwa estate ya chai, upande wa Kericho, kwa zile nyumba za wafanyakazi zimepangwa laini kwa laini katikati ya majani. Mama yake anaitwa Yunia. Yunia alitoka Nyamira akiwa msichana, akaja kuchuma chai, akapewa nyumba pahali panaitwa Kambi ya Juu, akamzaa Esnah hapo, na nyuma ya jiko akapanda avokado. Avokado ikakua ikapita paa.

Asubuhi, Esnah anasema, hakuna mtu alihitaji saa. Wanawake walikuwa wanatoka wakiitana mlango kwa mlango wakienda shamba. Wa mwisho kule juu anamwita Phelis, Phelis anamwita Edinah, Edinah akifika kwao anaita, "Mama Esnah." Mmoja anasalimia kwa Kikisii, bwakire buya, mwingine anajibu kwa Kikalenjin, chamgei, na hakuna mwenye alikuwa anaona hiyo ni lugha mbili. Esnah alikuwa anaamshwa na jina lake mwenyewe likiwa ndani ya jina la mama yake.

Halafu mashine zikaja. Watu wachache wanapita juu ya majani na mashine, kazi ya wanawake wa laini nzima imeisha. Na nyumba ya estate haikuwi yako, ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba inaenda. Kambi ya Juu ikafungwa, kila mtu akabeba godoro lake. Esnah akaja Roret kuosha vyombo hotelini. Yunia akarudi Nyamira kwa kaka yake, na huko shamba lilikuwa limegawanywa kitambo, yeye hakuwa kwa hesabu. Akapewa kulala kwa chumba cha jikoni.

Hawamtesi, usiwafikirie vibaya. Wanampa chakula, wanampa maji ya moto. Shida ni kwamba wanamwita mgeni. "Mgeni amekula?" "Mgeni ameamka?" Mama mzima amerudi kwao na bado ni mgeni.

Sasa, estate iko na geti, na ukiwa hufanyi kazi ndani hupiti. Lakini kuna kona moja kwa barabara ya Kericho ukitazama juu ya majani unaona kichwa cha ile avokado. Siku moja nilienda na Esnah kununua rodi. Alikuwa ananisimulia mapenzi ya Calvince na msichana wa duka la dawa, stori tamu, mpaka tukafika hiyo kona. Akanyamaza katikati ya sentensi. Tukapita. Halafu akaendelea pale pale alikuwa ameachia, kama mtu aliyesimamisha video kidogo.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Nyumbani," akasema. "Sasa huyo msichana wa dawa akamwambia Calvince..."

Kwa Kimutai, Esnah alikuja mara ya kwanza kutengenezewa jiko la hoteli, akakaa akiangalia mpaka hoteli ikamtafuta. Kesho yake akarudi akauliza kama mwanamke anaweza kufundishwa. Kimutai akasema chuma hakiulizi. Akaanza na mageti na madirisha. Tuseme ukweli, geti lake la kwanza lilikuwa linafungika ukiliomba.

Lakini Kimutai hakuwa fundi wa mageti tu. Akiwa kijana alichomelea paipu za mvuke kwenye viwanda vya sukari, kule chini ukipita Fort Ternan. Ndiyo maana habari ilipomfikia, alijua maana yake. Kiwanda cha chai cha ile estate ya kina Esnah kilikuwa na paipu za mvuke za zamani zinavuja kila pahali. Walikuwa wanataka welda mmoja wa paipu, wa kukaa. Anapewa nyumba kwa estate. Sharti ni moja: apite mtihani wa 6G.

Esnah alisikia neno nyumba, yale mengine akasikia baadaye.

"6G?" Calvince akasema, amekaa juu ya pikipiki yake. "Na hapa hiyo 5G yenyewe ya simu inashika ukipanda juu ya tangi la maji."

"Wewe nyamaza ujifunze," Kimutai akasema. Kimutai huita paipu "baibu," na ukikaa na yeye sana hata wewe unaanza. Akachukua kipande cha paipu, akakilaza juu ya meza. "Hii inaitwa 1G. Paipu imelala, na mnaizungusha. Wewe umesimama tu unachomelea juu. Ni kama kuku wa kuchoma. Kuku anazunguka, wewe huendi mahali."

"Hiyo hata mimi naweza," nikasema.

"Hiyo hata moto wenyewe unaweza." Akasimamisha paipu wima. "2G. Paipu ni nguzo, haizunguki. Wewe ndio unazunguka nguzo, kama mbuzi amefungwa kamba."

"Na 3G?"

"3G na 4G ni za chuma cha bapa, ukutani na darini. Wachana nazo." Akalaza paipu tena, lakini sasa akaibana kwa vaisi isisogee. "5G. Hii sasa ni ng'ombe. Ng'ombe hazungushwi. Unaanza chini tumboni, umelala unatazama juu, moto unakunyeshea. Unapanda mbavuni. Unamalizia mgongoni. Halafu unarudi chini, unapanda upande ule mwingine."

"Na 6G ni nini?" Esnah akauliza. Hakuwa anacheka na sisi.

Kimutai akalegeza vaisi, akainamisha paipu, upande mmoja juu, mmoja chini, akabana. "6G ni huyo huyo ng'ombe, lakini anapanda kilima. Tumbo limeenda mshazari, mbavu zimeenda mshazari, hakuna mahali pa kupumzika. Kila kitu uliogopa kwa hizo zingine, utakikuta hapa kwa mshono mmoja. Na haruhusiwi kusogea hata kidogo. Wewe ndio utajikunja mpaka umfikie."

Esnah akainama akaangalia chini ya paipu, akazunguka, akaangalia upande ule mwingine. Akakaa hapo muda. Mimi nilidhani anaangalia chuma.

"Na nikipita, nyumba wananipa wao ama nachagua?" akauliza.

Basi akaanza. Asubuhi mageti, mchana ng'ombe wa kilima. Mvua ya huku unaijua, kila alasiri inarudi kama mtoto wa shule, na rodi ikishika unyevu mshono unatoka na vishimo kama mandazi. Kwa hivyo rodi zake alikuwa anazikausha kwa dari ya moshi, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu ya mke wa Kimutai. Mshono wa kwanza, ule wa ndani kabisa, wanauita mzizi. Huo ukiharibika kila kitu cha juu ni urembo. Mizizi ya Esnah mwanzoni ilikuwa inatiririka kama uji. Kimutai alikuwa anakata paipu katikati, anamwonyesha, hasemi kitu, anarudi kwa kiti chake.

Halafu siku moja kitu kikaonekana. Ukizunguka 6G, kuna upande mkono wa kulia haufiki vizuri, unalazimika kujipinda kama unatafuta hereni chini ya kitanda. Esnah alifika hapo, na bila kufikiria akahamisha kishikio mkono wa kushoto akaendelea. Mshono haukubadilika. Kimutai akasimama. Huyo mzee hasimami hivyo tu.

"Fanya tena," akasema.

Akafanya tena. Wachuma chai, si nilikuambia, ni mikono miwili. Huo wa kushoto ulikuwa umefanya kazi miaka sawa na wa kulia. Tangu hiyo siku mishono ikaanza kutulia. Na nyuma yake, wa kulia ama wa kushoto, mkebe ulikuwa unalia ting.

Siku ya mtihani ilipokaribia, Kimutai akamwambia, "Nenda na mkebe."

"Niende kiwandani na mkebe kama naenda kukamua? Nitashika mkono."

"Huo mkono sisi wote tumeshindwa kuushika."

"Mzee, nitaushika."

Kimutai aliruhusiwa kukaa kwa benchi siku hiyo, kwa hivyo yaliyotokea nimeyatoa kwake, na Esnah hajawahi kuyakana. Msimamizi wa mtihani anaitwa Clifford, kijana wa Fort Ternan aliyefanya kazi za paipu nchi za nje, mpole, mwenye kusema kidogo. Kulikuwa kunanyesha na banda la mtihani lina paa linalovuja, kwa hivyo alikuwa amevaa koti la mvua la manjano, kofia ya koti imeanguka mgongoni. Kabla hawajaanza alisoma masharti. Moja lilikuwa: kipande cha rodi kikiwa moto kiingie kwa chombo cha chuma. Ukitupa ovyo, umetoka. Na chombo kilikuwa kimewekwa chini, karibu na mguu wa kila mtu.

Esnah akaanza na tumbo la ng'ombe. Rodi ikiisha, anasimama, anatafuta chombo na macho, anainama, anaweka. Polepole, kama mtu anavuka barabara na yai. Vikaenda hivyo. Mzizi ukatoka safi. Akafika ule upande mgumu, akahamisha mkono wa kushoto, na hapo, Kimutai anasema, akaingia. Unajua vile mtu anaingia kwa kazi mpaka hayuko tena? Mabega yakashuka. Mshono ukaanza kujipanga wenyewe.

Rodi ikaisha. Mkono ukarusha.

Na Clifford alikuwa anapita nyuma yake, ameinama kidogo kuangalia kazi ya mwingine. Kapande kakaingia ndani ya kofia ya koti, katikati kabisa, kama kamealikwa.

Moshi mwembamba ukaanza kupanda nyuma ya kichwa cha Clifford.

"Kuna kitu inanuka," akasema.

"Ni wewe, bwana," mtu wa paipu ya pili akamwambia.

Wakamvua koti. Akakung'uta, akaangalia tundu, akamwangalia Esnah. "Dada, zima mashine," akasema. "Mshono wako sina neno nao. Lakini mimi nimevaa koti. Kesho mwenye atakuwa nyuma yako atakuwa anabeba petroli. Rudi mtihani ujao."

Esnah alizima. Alikunja vifaa vyake. Lakini alikuwa ndani ya geti, mara ya kwanza tangu wabebe magodoro, na alijua ataambiwa atoke. Kwa njia ya kutoka akakutana na askari mzee anaitwa Zack, aliyemjua tangu akiwa mdogo.

"Mzee Zack, nipitishe Kambi ya Juu. Nione tu."

"Utaona nini? Hakuna kitu."

"Hicho hicho."

Akampeleka. Laini zote zimefungwa, nyasi zimefika dirishani. Kwao mlango ulikuwa na kufuli mpya, Zack akafungua. Ndani wamejaza mashine za kuchuma. Zimepangwa pale kitanda cha mama yake kilikuwa, visu vimetundikwa ukutani kwa msumari wa kalenda, harufu ya petroli mpaka kwa jiko. Nyuma ya nyumba avokado ilikuwa imezaa mpaka matawi yanauma, na chini matunda yameoza moja juu ya lingine.

"Hakuna mtu wa kukula," Zack akasema. "Hata nyani walichoka wakaenda kwa watu."

Esnah alijaza avokado kwa aproni yake ya ngozi. Alivyofika Roret mimi sikuwa najua kitu, nikaona tu ile mizigo, nikaanza, "Ati mtihani umegeuka soko?" Alinipa avokado mbili, akampa Calvince mbili, akaenda kukaa nyuma ya karakana akitazama ukuta. Hapo ndipo nilijua nifunge mdomo, na wanaonijua wanajua hiyo si kitu ya kila wiki.

Simu yake ilikuwa kwangu ikichajiwa wakati Yunia alipiga. Chaja yangu ina kamba fupi, kwa hivyo Esnah alikuja akaongea hapo hapo kibandani, sauti imewekwa juu, kila kitu nikisikia.

"Umepita?" Yunia akauliza.

"Mama, nilirusha."

Kuku wa Nyamira wanasikika. "Ulirusha wapi?"

"Nyuma."

"Na kikapu kilikuwa wapi?"

"Chini. Kwa miguu."

Yunia akacheka. Nilishtuka, kwa sababu vile Esnah humwongelea nilidhani mama huyo hacheki tena. "Nani anaweka kikapu kwa miguu? Wewe utachuma na vidole vya mguu?"

"Mama, si majani."

"Huo mkono nilikufundisha mimi. Mkono hauna makosa. Kikapu ndio walikuwa wameweka pahali mbaya." Halafu sauti ikabadilika. "Ulifika kwa nyumba?"

"Nilifika."

"Avokado imezaa?"

"Imezaa sana."

"Nani anakula?"

Esnah akashika ukingo wa kibanda changu. "Hakuna mtu, Mama."

"Basi rudi," Yunia akasema, akakata.

Baada ya siku chache, mama mmoja anayeleta ndizi kutoka Nyamira akateremsha kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na mikanda miwili ya kikapu, ile ya mabegani, imechakaa imekuwa laini kama kitambaa cha mtoto. Yunia aliondoka na hiyo mikanda alipoachishwa. Kikapu alirudisha, mikanda alificha.

Kimutai hakuuliza. Aliutoa ule mkebe kwa msumari, akauchomelea masikio mawili kila upande, akabandika ngozi nyuma usimuunguze mgongo, akaongeza mchanga. Esnah akavaa. Akarekebisha mikanda na kidole gumba, vile mtu anafanya kitu alichofanya mara nyingi sana, na kwa muda kidogo akasimama tu hapo, uzito uko mgongoni.

"Sasa anaenda kuchuma mvuke," Calvince akasema.

"Na wewe nitakuchuma masikio," Esnah akamwambia, na tukajua amerudi.

Mtihani wa pili, kazi ikiwa bado haijapata mtu, watu walicheka alipoingia. Kimutai anasema walicheka vizuri sana, wengine wakatoa simu. Clifford akaja, akamzunguka pole pole kama mbuzi wa 2G.

"Na hii?"

"Kikapu."

"Masharti yanasema chombo cha chuma."

"Ni chuma."

"Kiwe karibu na fundi."

"Kingine karibu kuliko hiki ni kipi?"

Clifford akasoma tena masharti, akaangalia mchanga ndani, akaguza ngozi. Halafu akavua lile koti lake la manjano, lenye kiraka sasa, akaenda akalitundika mbali kabisa kwenye mlango. "Anza," akasema.

Akaanza. Tumboni, ting. Mbavuni, ting. Akahamisha mkono, akarusha na ule mwingine, ting. Kimutai anasema kicheko kiliisha polepole, ikabaki mvua kwa mabati na hiyo sauti, na watu wa kiwanda waliokuwa wanapita walianza kusimama mlangoni. Mmoja wao, mama wa kufagia, alisema kitu Kimutai hawezi kusahau: "Huyo ni wa laini gani?" Hakuuliza jina. Aliona mgongo tu akajua.

Paipu ikikwisha wanaikata vipande, wanavikunja kwa mashine mpaka viwe kama kwato, waone kama mshono utapasuka. Esnah hakuangalia. Alikaa kwa benchi karibu na Kimutai, mkebe bado mgongoni, akitazama mlango ulioelekea juu. Kipande cha kwanza kikakunjwa. Cha pili. Vyote vikakunjwa, na hakuna hata kimoja kilifungua mdomo.

"Umepita," Clifford akamwambia.

"Nyumba," Esnah akasema.

Ofisini walimpa ya karibu na kiwanda, ya sementi mpya, maji ndani. Akakataa. Akasema anataka ile ya Kambi ya Juu. Wakamwambia hiyo ni stoo ya mashine. Akasema mashine zinaweza kulala popote. Wakamuuliza kwani hiyo nyumba ina nini.

"Ina avokado," akasema. Nadhani walimpa ili watu wengine waendelee na foleni.

Akampigia Yunia. Hiyo simu sikuisikia, aliniambia baadaye. Yunia hakushangilia. Aliuliza, "Nani mwingine yuko hapo?"

"Niko mimi."

"Na Phelis?"

"Phelis alienda Bomet kwa mtoto wake."

"Edinah?"

"Sijui, Mama. Namba yake haishiki."

Kuku wa Nyamira. Halafu Yunia akasema, "Sawa. Nakuja hivyo hivyo."

Nimewatembelea mara moja, juzi, nikalala. Harufu ya petroli bado iko, wamepiga deki mpaka sakafu imechoka lakini iko. Laini nzima inakaa na watu wawili. Yunia ni mdogo wa mwili kuliko nilivyomfikiria, anatembea haraka, na jioni alinilisha mpaka nikaomba msamaha. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tukila avokado. Esnah akamaliza lake, na bila kuangalia akarusha mbegu nyuma ya bega.

Yunia hakuinua kichwa. "Hiyo imeanguka nje," akasema.

Na kweli, ilikuwa imeanguka nje ya ndoo ya takataka, kidogo tu.

Nikauliza kama anafurahi kurudi, swali la kijinga, lakini mdomo wangu haujui kukaa bure. Yunia akafikiria. "Nyumba ni yenyewe," akasema. "Masikio ndiyo bado yanangoja."

Sikuelewa mpaka asubuhi. Bado kulikuwa na ukungu, nikasikia Esnah ametoka na mkebe wake, lakini badala ya kushuka njia ya kiwanda akapanda mpaka mwisho wa laini, kule juu kabisa. Halafu akaanza kushuka akipita milango iliyofungwa, moja kwa moja, akiita. Si kwa sauti kubwa. Sauti ya mtu anayepita.

"Phelis." Hakuna kitu. Mchanga ukatikisika ndani ya mkebe. "Edinah, bwakire buya." Hakuna kitu. Nikachungulia. Yunia alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kimefungwa kichwani, mikono imekunjwa, kama mtu aliye tayari kwenda shamba.

Esnah akafika kwetu. "Mama Esnah," akaita.

"Niko," Yunia akajibu. "Na hawa wengine wako nyuma."

Esnah akapita. Hatua chache mbele akasimama, bila kugeuka, akaita tena, "Dorine."

Nilikuwa na utani mwingi sana wa kumrushia hapo, nilikuwa nimeuweka tangu jana.

"Niko," nikasema.